Safari Rally: nani aliwafukuza mashabiki?

Wadau, leo tuiache Simba na Yanga ipumzike kidogo. Nataka tuzungumzie mchezo ambao zamani ulikuwa ukisimamisha shughuli za nchi tatu kwa siku kadhaa, na ambao leo ukimuuliza kijana wa Mwankoko hapa Singida atakujibu, "Ah, ule wa Wakenya?" Mbio za magari. Safari Rally.

Huyo kijana hajakosea sana, ila jibu lake limeficha habari kubwa. Ule mchezo haukuwa wa Wakenya peke yao. Ulikuwa wetu pia. Ulipita katika ardhi ya Tanganyika tangu mwaka wake wa kwanza, ukavunja springi katika milima ya Usambara, ukapandisha Magara kuelekea Mbulu, mkoa jirani tu na huu ninaoandikia. Kisha ukaondoka. Swali langu la leo ni kwa nini uliondoka, na nini kifanyike ili mchezo huu urudishe watu wake. Si kwa Tanzania tu, hata Kenya ambako umerudi kwa kishindo, maana na huko kuna mambo ya kurekebisha.

Tuanze na historia. Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa inamtawaza Malkia Elizabeth wa Pili. Walowezi wa Afrika Mashariki nao wakataka kusherehekea kwa namna yao. Mmoja wao, Eric Cecil wa Nairobi, alishachoka na mashindano ya kuzunguka duara moja kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Yeye na wenzake wakaja na wazo la kuendesha magari katika barabara halisi, zile zile za kila siku, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia tarehe 27 Mei mpaka tarehe 1 Juni mwaka huo mbio za kwanza zikafanyika, zikaitwa East African Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari.

Sasa angalia jambo moja muhimu, kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu yote. Magari yale yalikuwa ya kawaida, yale yale aliyoweza kuyaona mtu kwenye duka la magari Nairobi au Dar es Salaam. Na mwanzoni madaraja ya mashindano yalipangwa kwa bei ya gari! Yaani gari la bei nafuu lilishindana na la bei nafuu mwenzake, la bei mbaya na la bei mbaya. Volkswagen ile yenye umbo la kobe, ambayo mwalimu au karani angeweza kuiota, ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Halafu ikaja Peugeot 404. Hii ilichukua ushindi mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Na hapo kwenye 1966 na 1967 tusimame kidogo, maana ni kwetu. Aliyeshinda miaka hiyo miwili mfululizo ni Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Vijana wangapi wa Tanzania wanalijua jina hilo? Tunazijua takwimu zote za Ronaldo na Messi, lakini dereva aliyetoka kwetu akashinda mashindano magumu kuliko yote ya magari Afrika mara mbili, tumemsahau.

Ugumu wenyewe si wa kuhadithiwa. Katika enzi zile urefu wa njia ulikaribia kilometa 5,000, usiku na mchana, kwenye vumbi linaloziba macho au tope linalomeza gari mpaka mlangoni, kwa sababu mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshaanza. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mambo yakajirudia: yakamaliza 7 tu. Barabara hazikufungwa. Dereva aliweza kukata kona akakutana na basi, lori la pamba, au kundi la ng'ombe na mchungaji wake asiye na habari na Malkia wala Pasaka.

Halafu kuna Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi magari kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokwishatumika, mtumba kwa lugha yetu, iliyokuwa imeshiriki mbio za mwaka uliotangulia, wakashinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja. Fundi na gari la mtumba! Aliyesimama kando ya barabara akiwa na spana mfukoni aliona kitu kinachomhusu. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Wakenya wakampa jina la Simba.

Nimekuta watu wengi wanasema mchezo huu ulikuwa wa Wazungu na Wahindi, kwa hiyo wacha ufe. Wana ukweli wao. Walioshika usukani katika miaka ya mwanzo walikuwa hao, na sababu haikuwa kipaji bali ukoloni na mfuko. Lakini kando ya barabara nani alikuwa amejaa? Mwafrika, na si kwa kulazimishwa. Alitoka na watoto wake, akakaa juu ya jiwe tangu alfajiri kusubiri gari lipite kwa sekunde tano. Mchezo unakuwa wa watu pale watu wanapoupenda, hata kama aliyeuleta aliuleta kwa ajili yake mwenyewe. Mpira wa miguu nao ulikuja na nani?

Basi ulikufaje huku kwetu?

Jibu la haraka ni siasa na mafuta. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Waasia kutoka Uganda. Miongoni mwa familia zilizoondoka ni ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya na mwaka uliofuata akashinda Safari akiwa na Datsun, baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Sweden na mshindi kuamuliwa kwa kanuni ya kuvunja sare. Baadaye Mehta akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Jumla tano, na hakuna aliyezifikia. Mwisho wa mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ikapaa. Mwaka 1974 neno "East African" likaondolewa kwenye jina, ikabaki Safari Rally, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 njia ikabaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Katikati hapo tulikuwa na vita vya Kagera. Wazee wetu watawasimulia pia marufuku ya kuendesha magari binafsi siku ya Jumapili baada ya saa 8 mchana ili kuokoa mafuta. Sasa nchi inayomkataza mtu kwenda kwa mkwe wake kwa gari Jumapili jioni, itawezaje kuruhusu watu wachome petroli kwa mchezo?

Kwa hiyo kwetu Safari haikufa kwa kukosa mashabiki. Ilikatwa. Na mti uliokatwa si sawa na mti uliokauka, wa kwanza unaweza kuchipua.

Kenya ni kisa kingine, na ndicho chenye somo zaidi. Kule mbio ziliendelea, tena zikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia tangu ubingwa huo ulipoanzishwa 1973. Viwanda vikubwa vikaja na mamilioni. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, na baada ya hapo wageni wakazoea. Magari yakabadilika. Yakaja ya magurudumu manne yanayovuta yote, yenye tabo na kompyuta, na helikopta juu zikitangulia kuangalia kama njia iko salama. Madereva wa Kenya wakawa wanashindana na helikopta! Hata hivyo hawakukosekana mashujaa: mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda, na Patrick Njiru akamaliza wa 4 akiwa na Subaru. Lakini mwaka 2002, alipoibuka mshindi Colin McRae wa Scotland, ndipo ilipokuwa mwisho. Fedha hazikutosha, maandalizi yakalegalega, na Safari ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Mwaka 2003 ikashuka kwenye ubingwa wa Afrika.

Mwaka huo huo 2003 kukatokea jambo la kuchekesha na kufundisha. Wapenzi wa zamani walianzisha mbio za magari ya kale, East African Safari Classic, na magari yale ya enzi za baba zetu yakavuka tena mpaka na kuingia Tanzania. Watu wakatoka kuyatazama. Kumbe kiu ilikuwepo.

Sasa twende mbali kidogo, Marekani. Wenzetu wale wana mchezo wao wa mbio za magari unaosimamiwa na chama kiitwacho NASCAR, kilichoanzishwa mwaka 1948 na Bill France. Nao ulianza vile vile, kwa magari ya kawaida ya dukani, na jina la mchezo wenyewe kwa lugha yao linasema hivyo hivyo. Ulipata watazamaji wengi mno mpaka katikati ya miaka ya 2000, kisha ukaanza kupungukiwa viwanja vikajaa viti vitupu. Walifanya nini kabla ya hapo? Walikifuta kiwanja cha North Wilkesboro baada ya 1996, kwa sababu kilikuwa kidogo na cha mashambani. Baada ya 2003 waliondoa mbio za Darlington kwenye sikukuu yao ya Wafanyakazi, ambayo mashabiki walikuwa wameizoea kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2004 wakabadilisha namna ya kumpata bingwa, na wakaendelea kuibadilisha kila baada ya muda mpaka shabiki akahitaji mwalimu wa hesabu pembeni. Na magari ya "kawaida" yakawa ya kawaida kwa sura tu.

Kisha wakajirudi. Darlington ikarudishwa kwenye sikukuu yake mwaka 2015. North Wilkesboro, kiwanja kilichokuwa kimeota magugu, kikafufuliwa mwaka 2023. Wenye mali walijifunza kwa hasara kwamba shabiki ana vitu vitatu ambavyo hupaswi kumnyang'anya: gari analolijua, mahali anapopajua, na siku anayoijua.

Chukua vitu hivyo vitatu uvipeleke kwenye Safari, uone vinavyokaa. Gari: Volkswagen na Peugeot za mtaani zikawa mashine ambazo fundi wa gereji ya uswahilini hawezi hata kufungua boneti. Mahali: nchi tatu zikawa moja. Siku: Pasaka, ambayo ilikuwa sawa na jina la pili la mbio zile, ikaachwa.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya korona kuivuruga ile iliyopangwa 2020. Serikali ya Kenya iliweka nguvu, makao yakawa Naivasha, na Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda. Umati ulikuwa mkubwa mno. Mwaka 2022 dada wa Kenya, Maxine Wahome, akashinda daraja la tatu la ubingwa wa dunia. Mwaka 2024 mbio zikarudishwa wikiendi ya Pasaka na wazee wakafurahi, ila mwaka uliofuata zikaondoka tena. Sehemu za kushindana sasa ni kilometa mia tatu na kitu, barabara zinafungwa, gari linarudi kulala pale pale Naivasha. Mwaka 2002 sehemu hizo zilizidi kilometa 1,000.

Msinielewe vibaya, sisemi turudi kwenye barabara zilizo wazi. Hapana. Mwaka 1986 huko Ureno gari liliacha njia likaua watazamaji, na mwaka huo huo yale magari makali kupita kiasi yakapigwa marufuku. Na hiyo ni barabara iliyofungwa! Barabara ya leo ya Singida ina bodaboda, ina wanafunzi wanaotoka shule, ina bibi anayevuka na ndoo ya maji. Hakuna mchezo wenye thamani ya mtoto mmoja. Anayetaka kurudisha mashabiki aanze na kuhakikisha wanarudi nyumbani wakiwa hai.

Basi mimi naona yafanyike mambo manne.

La kwanza, daraja la gari la kawaida, lenye bei ya mwisho iliyopangwa kwa shilingi, kama walivyofanya 1953. Liwe la Corolla, la Starlet, la magari ambayo kila mtu amepanda au amesukuma. Ruhusu kubadilisha matairi, shokapu, mkanda na vyuma vya kumlinda dereva, basi. Mashine kubwa za kimataifa ziendelee mbele, hakuna anayezikataa, lakini daraja hili litangazwe kwa heshima ile ile na si kama msindikizaji. Fundi wa Mwankoko akiona gari aina ile aliyofunga gia wiki iliyopita linapita linapaa, huyo hutamtoa tena.

La pili, siku moja isiyohama. Kenya warudishe Pasaka na waigande hapo. Sisi Tanzania tunazo mbio zetu, kama Mkwawa Rally yenye mizizi yake Iringa, na tumeshakuwa mara kadhaa kwenye kalenda ya ubingwa wa Afrika, lakini nenda mtaani uulize ni lini. Hakuna anayejua. Kwa nini tusichague Nane Nane? Ni kiangazi, barabara za vumbi ni kavu, alizeti imeshavunwa na mkulima wa mikoa hii ana senti mfukoni. Siku hiyo tayari ni sikukuu, watu wameshavaa.

La tatu, mbio ziwafuate watu. Tuwe na sehemu fupi zilizofungwa vizuri, kilometa 15 au 20, lakini zitawanyike nchini. Kati yake magari yasafiri kwa mwendo wa kawaida kupitia mijini, na pa kutengenezea pawe uwanja wa mpira ambapo mtoto anaweza kusogea akaona injini. Singida ilijaa uwanjani Namfua, siku hizi Liti, timu zake zilipopanda Ligi Kuu. Watu hawa hawakupenda mpira ghafla mwaka huo. Walipenda kuona jina la kwao linatajwa. Mawe makubwa yanayozunguka mji huu ni majukwaa aliyoyajenga Mungu mwenyewe, bure, na yapo juu ya barabara, si kando yake.

La nne, kijiji kiwe mwenyeji na si mandhari. Kabla gari halijapita, mkutano wa mtaa uitishwe, saa na njia zitajwe kwa Kiswahili redioni, vijana wa pale pale wafunzwe kusimamia watazamaji na walipwe. Atakayekanyagiwa alizeti alipwe siku hiyo hiyo, si kwa barua. Mwankoko inajua habari hii. Visima vyake vinapeleka maji Singida mjini, kwa hiyo watu wake wanajua vizuri tofauti ya kupitiwa na kushirikishwa.

Mtaniuliza, ndugu mwandishi, fedha ziko wapi, na je, nchi yenye zahanati zisizo na dawa icheze na magari? Swali la haki. Nami sisemi serikali ikakope ili kumleta Ogier. Kenya wamechagua njia hiyo, na wanajua wenyewe bili yake. Ninachosema ni kinyume chake: daraja la gari la kawaida ndilo la bei rahisi. Kilichoikausha Safari ya 2002 ni gharama za mashine na wageni. Corolla za mtumba hazijawahi kuifilisi nchi. Waganda hawakungoja mbio za dunia ziwafikie. Walijenga mashabiki kwa madereva wao wenyewe, na mwaka 1999 Charles Muhangi akawa bingwa wa Afrika, na mwaka 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa taifa lao. Mashabiki walikuja kwa sababu waliyekuwa wakimshangilia walimjua kwa jina, na mtaa anaotoka waliujua pia.

Tatizo la michezo yetu mingi ni kudhani kwamba shabiki anavutwa na ukubwa. Tunaleta majina makubwa, tunapanga jukwaa la wageni wa heshima, tunashangaa mwananchi kabaki nyumbani. Historia ya Safari inasema shabiki alivutwa na kitu kidogo zaidi: gari kama la jirani yake, kwenye barabara anayoijua kila shimo, siku ambayo kila mtu alikuwa nyumbani. Dereva kutoka Dar alipopandisha Magara kwa Peugeot, wa Mbulu hakuhitaji kuelezwa jinsi ile milima ilivyo mikali. Alishaipanda yeye mwenyewe, kwa miguu.